Anti, nakamulia maziwa chooni kazini huku mlango nimeuzuia kwa mguu

Shikamoo Anti,

Mimi ni mdada wa miaka 27 niko hapa hapa Tanga, naishi Makorora, nafanya kazi kiwandani huko njia ya Pongwe upande wa stoo, kazi yangu ni kuandika mzigo unaoingia na unaotoka. Huyu ndo mtoto wangu wa kwanza. Naomba jina usiliweke maana ofisini kwetu safu yako wanaisoma sana na supavaiza wangu ndo wa kwanza.

Likizo yangu ilikuwa siku 84 kama kawaida ila niliianza mapema, miguu ilivimba dokta akasema pumzika, nikaondoka wiki tatu kabla sijajifungua. Kwa hiyo hesabu ilivyokaa nimerudi kazini mtoto ana wiki tisa tu. Wiki tisa Anti, shingo yenyewe bado haijakaza. Sasa hivi ana miezi mitatu na siku kidogo na mimi naona kama nina mwaka mzima sijalala.

Naamka saa kumi alfajiri namnyonyesha, saa kumi na mbili kasoro namnyonyesha tena akiwa nusu usingizi, namwachia mama mkwe nakimbilia daladala. Saa moja na nusu niko stoo mpaka saa kumi jioni, mapumziko ni saa saba mpaka saa nane basi. Siku ya kwanza nilidhani nitavumilia, ilivyofika saa nne matiti yamejaa mpaka kwapani, nikiinua mkono kuchukua faili naumia, mara dereva wa lori anasubiri karatasi zake pale kaunta ananiambia dada umemwagikiwa na maji. Sikumwagikiwa na maji. Blauzi ya bluu mpauko ina madoa mawili mbele kama visahani, nikajifunika mtandio hivyo hivyo mpaka jioni. Tangu siku hiyo navaa nyeusi tu na ndani nakunja vipande vya kanga.

Nikanunua pampu ya mkono. Sasa pa kukamulia ndo hapana. Ofisi tuko wanane chumba kimoja, wanaume watano, kuna kachumba ka mafaili ya zamani pembeni ya stoo ila kana kufuli na funguo sijui anayo nani. Nikawa naenda choo cha wanawake, kipo kimoja, komeo lilishavunjika siku nyingi, kwa hiyo nageuza ndoo nakaa, mguu mmoja nausukumia mlangoni, pampu mkono huu chupa mkono huu, nje watu wanagonga "nani humo, kwani unajifungua tena?" Na maziwa yenyewe hayatoki. Nyumbani nikisikia tu mtoto analia yanaruka, pale chooni naminya dakika ishirini napata vidole viwili vya chupa. Juzi kati chupa iliniponyoka ikamwagika yote pale chini. Nililia Anti, maana ndo yalikuwa ya siku nzima.

Nikamfuata supavaiza, ni mama wa watoto wanne nikajua huyu atanielewa. Akaniambia sisi wote tumezaa hapa, mimi nilirudi nikafanya kazi sikumwomba mtu chumba, kama mtoto anakushinda kaa nyumbani ulee, wanaotafuta kazi wamejaa hapo getini. Tena akasema dakika ninazokaa chooni atazikata kwenye muda wangu wa chakula na kweli anazikata, wiki iliyopita mchana nimekula mara mbili tu.

Nyumbani nako kuna lake. Mama mkwe ni mtu mzuri sijui ningefanyaje bila yeye, ila haya maziwa ya kukamua hayaamini kabisa. Akiyatoa kwenye friji anakuta juu kuna utando wa mafuta chini kama maji, anasema haya yamekatika mtoto atahara, anamwaga. Halafu anasema maziwa ya mama aliyeshinda kwenye jua na vumbi la kiwandani ni maziwa moto hayafai. Juzi nimerudi nakuta kikombe na kijiko kidogo kina uji, mwepesi, ameuchuja vizuri kabisa. Nikimwambia mume wangu anasema mbona mimi nimelelewa na uji huo huo na nimekua.

Anti hivi kuna sheria yoyote? Mwenzangu mmoja ananiambia masaa ya kunyonyesha yapo lakini ni ya wafanyakazi wa serikali tu. Au nimwachishe tu nimpe ya kopo yaishe? Maana maziwa naona yanapungua kila siku na mimi mwenyewe napungua.

Mama Wiki Tisa, Makorora

---

Marahaba mwanangu Mama Wiki Tisa, na hongera ya mtoto maana naona kwenye barua nzima hakuna hata mmoja aliyekupa.

Nianze na huyo mwenzako wa serikalini tu. Siyo kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, ndo hicho kilichokupa siku zako 84, na siku 100 kwa anayejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na humo humo imeandikwa kwamba mfanyakazi anayenyonyesha mwajiri atamruhusu amnyonyeshe mtoto ndani ya saa za kazi, mpaka saa mbili kwa siku. Kiwanda, duka, hoteli, shule binafsi, wote wamo. Na usome vizuri hapo, ndani ya saa za kazi, maana yake siyo kwenye ubwabwa wako wa mchana. Muda wa chakula una kifungu chake, cha 23, mtu akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Kwa hiyo huyo supavaiza anayekukata dakika za chakula anakula kwenye sahani zako mbili kwa mpigo.

Sasa nisikudanganye mwanangu, kuna sehemu sheria yetu inakuacha njiani. Imesema kumnyonyesha mtoto, haikutaja kukamua, wala haikusema mwajiri akutengee chumba. Waliokaa wakaiandika naona walimfikiria mama anayekaa jirani na kazini au anayeletewa mtoto. Na ilikuwa hivyo kweli, mimi wangu wa kwanza nilimnyonyesha nikiwa karani ofisi moja hapa hapa mjini, nyumbani Ngamiani, saa nne juu ya alama binti aliyekuwa anamlea anakuja na baiskeli mtoto kafungwa mgongoni kwa leso, tunakaa chini ya mkungu nyuma ya ofisi, namnyonyesha, anarudi naye. Nusu saa imeisha. Tanga ilikuwa baiskeli kila kona nani angeshangaa. Lakini wewe uko njia ya Pongwe, mtoto yuko Makorora, hiyo baiskeli haipo na mkungu haupo. Vuka tu Horohoro hapo, wenzetu Kenya Sheria yao ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri aweke sehemu ya kunyonyeshea na kukamulia maziwa, na inasema wazi isiwe choo. Sisi bado.

Kwa hiyo nisikilize hapa maana ndo penye kazi. Saa mbili ni zako, huziombi, unawajulisha. Chumba hicho ndo unaomba. Wengi wanaharibu kwa kuviweka pamoja kwenye barua moja, naomba chumba na muda wa kukamua, bosi anajibu chumba hatuna, basi na muda umeondoka na chumba. Vitenganishe. Andika barua mbili, ya kwanza iende leo, ya pili isubiri wiki.

Ya kwanza iwe fupi na usimwage machozi humo ndani, mambo ya ndoo na komeo yaache. Unaiandikia HR au meneja, nakala kwa supavaiza, unaandika mimi fulani nimerudi kutoka likizo ya uzazi tarehe fulani, mtoto wangu ana miezi mitatu na namnyonyesha, kwa mujibu wa kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini naomba tukubaliane namna nitakavyotumia saa mbili kwa siku, napendekeza hivi. Halafu weka pendekezo lako kabisa usiwaachie wao. Wakigonga muhuri wa kupokea, nakala yako weka nyumbani, siyo kwenye droo ya stoo.

Pendekezo gani? Kwenda nyumbani mchana na kurudi usijaribu, hizo saa mbili zote utaziacha kwenye daladala na kituoni. Ningekuwa wewe ningezikata hivi, nusu saa saa nne asubuhi, nusu saa nyingine saa saba na nusu, na saa iliyobaki natoka saa tisa badala ya saa kumi. Hiyo ya saa saba na nusu iko katikati ya chakula, sasa waambie chakula chako kitaanza saa saba na kuisha saa nane na nusu, nusu saa ya kukamua imo humo katikati, dakika zako 60 za kula ziko pale pale. Hapo unakamua kila baada ya saa tatu hivi, stoo haifungwi, na saa kumi mtoto anaipata ya moja kwa moja. Hesabu ikiwa imepangwa bosi anakosa cha kubishia, wengi wakisikia saa mbili wanaona mtu kapotea asubuhi nzima, wakiona nusu nusu wanapumua.

Kuhusu huyo mama wa watoto wanne, yule hata yeye alinyimwa akadhani ndo utaratibu wa kazi, na mtu aliyevumilia jambo bure hapendi kuona mwingine hakuvumilia. Usigombane naye. Msalimie, mpe nakala yake, mwambie dada nimeandika nisikuweke wewe kwenye lawama. Akirudia maneno ya getini wamejaa, mjibu sawa dada halafu uandike tarehe na alichosema kwenye daftari lako. Maana sheria hiyo hiyo inasema kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito au kwa sababu ametumia haki yake ya kisheria ni kumwachisha isivyo halali. Barua yako isipojibiwa, kama hapo kiwandani kuna tawi la chama cha wafanyakazi, TUICO, anza nao, la sivyo nenda kwa afisa kazi wa mkoa, na mgogoro ukikomaa kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile watu wanaiita CMA. Kule siku zinahesabiwa, kuachishwa kazi unapeleka ndani ya siku 30, madai mengine siku 60, wapo waliokaa wakisubiri bosi apoe mpaka siku zikaisha. Lakini naomba Mungu usifike huko, barua nyingi za namna hii zinaishia kwa meneja kuuliza kumbe kulikuwa na hiki kifungu.

Haya, maziwa. Hayapungui kwa sababu umechoka tu. Titi linatengeneza kwa jinsi linavyotolewa, likikaa limejaa tangu alfajiri mpaka jioni mwili unapata habari kwamba huku yamezidi, punguza. Na yale ya chooni hayatoki kwa sababu maziwa yanasukumwa na homoni ambayo ukiwa na hofu inajificha, sasa mtu mguu mlangoni na watu wanagonga maziwa yatatokea wapi. Chukua kinguo alicholalia mtoto usiku, usikifue, kitie kwenye mfuko, ukianza kukamua kinuse. Ndiyo, kinuse, usicheke. Au angalia video yake kwenye simu akiwa analia. Kabla ya pampu nawa mikono, sugua titi taratibu kutoka kwapani kuja mbele, na ujifunze kukamua kwa mkono maana pampu ya mkono inachosha na zinavunjika: kidole gumba juu vidole vingine chini kama herufi C, nyuma kidogo ya ile sehemu nyeusi siyo kwenye chuchu, sukuma kwanza kuelekea kifuani halafu bana, achia, sukuma, bana. Chuchu usiivute. Ukishapata mkono wake utashangaa, wengine wanajaza haraka kuliko kwa pampu.

Usiku usimnyime, usiku homoni ya kutengeneza maziwa ndo inakuwa juu. Jumamosi na Jumapili mnyonyeshe kila anapotaka, chupa zipumzike.

Kuyahifadhi, joto letu la Tanga unalijua. Maziwa yaliyokamuliwa yakikaa nje kwenye ubaridi wa kawaida wa chumba, nyuzi 25 hivi, yanakwenda muda wa saa nne tangu uyakamue, lakini stoo ya bati mwezi wa pili hiyo nyuzi 25 utaipata wapi, kwa hiyo usiyahesabie kabisa ya kukaa nje. Tafuta kideli kidogo kama vile vya wauza aiskrimu, asubuhi weka barafu zile za mifuko zilizoganda kabisa, yatakaa salama siku nzima mpaka ufike. Kwenye friji yanakaa mpaka siku nne, weka ndani kabisa siyo mlangoni, andika tarehe kwenye kila chupa. Yaliyogandishwa ukiyayeyusha yatumike ndani ya saa 24 na usiyagandishe tena. Kuyapasha, weka chupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, siyo jikoni moja kwa moja. Na yaliyobaki kwenye kikombe mtoto akishakunywa yakipita saa mbili mwaga, hayo kweli yamwagwe.

Ila siyo yale anayomwaga mama mkwe! Yale hayajakatika. Maziwa ya mama yakitulia mafuta yanapanda juu kama nazi iliyokamuliwa ikaachwa, tui zito linakaa juu maji chini, unatikisa taratibu yanarudi. Mwambie hivyo hivyo kwa mfano wa nazi, mama wa Tanga utamfundisha nazi gani yeye ndo atakumalizia. Na jua haliingii kwenye maziwa, mwili wako joto lake ni lile lile stoo au sebuleni.

Kwenye uji hapo usiende wewe. Mkamwana akimkosoa mkwe wake hata akiwa na haki anaonekana anajua sana, na huyo mama anakushikia mtoto bila kukudai. Siku ya kliniki mwombe akusindikize, mama twende wote mimi sikumbuki yote wanayosema, halafu nesi aseme mwenyewe mbele yake kwamba mpaka miezi sita maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana, maji yamo ndani ya maziwa, na tumbo la miezi mitatu uji unalijaza tu halafu maziwa ananyonya kidogo. Na huyo mume wako anayesema nimekua, mwambie Anti amesema ndiyo umekua, lakini wapo waliolelewa na uji huo huo ambao hawapo hapa kutuhadithia. Yeye ndo aongee na mama yake, siyo wewe. Maziwa uliyokamua mtoto apewe kwa kikombe kidogo, akiwa amekalishwa, siyo amelazwa, kikombe kinasafishika kuliko chupa na chuchu zake, na mtoto hachanganyikiwi akirudi kwako jioni.

Ya kopo sitakutisha nayo. Kuna wanaoihitaji na watoto wao wazima. Ila wewe hujaishiwa na maziwa, umeishiwa na mlango wenye komeo, na kopo linataka hela kila wiki na maji safi yaliyochemshwa kila mara, halafu ukiingiza kopo moja mchana bila kukamua, titi linapunguza tena kidogo, kesho makopo mawili. Ukifikia siku umeshindwa kabisa changanya, lakini kukamua usiache.

Na kitu kimoja usikipuuze, ukiona titi sehemu moja limekuwa gumu kama jiwe, jekundu, linauma, na unapata homa na baridi, usiseme ni uchovu wa kazi. Endelea kulinyonyesha hilo hilo na siku hiyo hiyo uende kituo cha afya au hospitali ya Bombo wakuangalie, likiachwa linatunga usaha.

Barua ya pili, ya chumba. Ngoja ya kwanza ijibiwe. Halafu usiandike naomba chumba cha kunyonyeshea, watafikiri kujenga, watafikiri bajeti, itaenda makao makuu ikafie huko. Wewe umesema mwenyewe kuna kachumba ka mafaili ya zamani pembeni ya stoo. Unachohitaji ni kiti, komeo kwa ndani, pazia kama kuna dirisha, na mahali pa kunawa mikono karibu. Umeme siyo lazima kwa pampu yako. Andika naomba kutumia kile chumba nusu saa mara mbili kwa siku, nitakifagia mwenyewe. Kabla ya barua muulize taratibu mama wa usafi au mlinzi wa zamu ya asubuhi nani ana ile funguo, wale ndo wanajua. Huenda ipo kwenye droo ya supavaiza wako.